Tathmini ya mazingira ikionyesha madhara, mradi unafutwa?

Umeuliza kama mradi kwenye ardhi ya umma Marekani hufutwa tathmini ikikuta madhara. Si lazima. Sheria ya NEPA (sheria ya taifa ya sera ya mazingira), inayotumika tangu 1970, inaibana serikali ichunguze athari na kuziweka wazi kabla ya kuamua. Uamuzi wenyewe unabaki mikononi mwa idara husika. Kazi ndogondogo mara nyingi hazihitaji ripoti. Mgodi mkubwa huandikiwa ripoti kamili, na tangu 2023 kikomo cha muda wa kuiandaa kwa kawaida ni miaka 2. Rasimu ikitoka, tafadhali toa maoni mahususi: taja kijito gani, samaki hutaga mwezi gani, malori yatapita wapi. Ukiandika “napinga” tu, hawana hoja ya kujibu. Na usipolitaja suala lako mapema, mahakamani utahangaika kuliibua.