Mawimbi ya ubongo na dipresheni: maswali yenu ya wiki hii

Haya jamani, tangu nigusie EEG, kile kipimo cha kusoma umeme wa ubongo kwa waya kichwani, maswali yamejaa mpaka simu inakwama. Nikumbushe tu, mi si daktari, mi ni mtu wa kubandika waya vichwani hapa Mombasa miaka na miaka, kwa hivo najibu kama mtu wa mashine. Nimechagua machache, mengine yalikuwa yanafanana na mmoja aliniuliza tu kama nishaoa.

Kaka yangu hali vizuri, halali, duka lake Kongowea kalifunga hataki hata kulisikia. Tumpeleke EEG ijulikane kama ni dipresheni? (Kisauni)

Hapana dadaangu, na hili ndo nimeulizwa kuliko yote kwa hivo nitaenda nalo taratibu. Seli za ubongo zikifanya kazi zinatoa umeme, mdogo ajabu, betri ya rimoti ina volti 1.5 lakini haya mawimbi tunayoyadaka juu ya ngozi ya kichwa ni kama sehemu 10 hadi 100 ukiigawa volti moja mara milioni, na hapo yashapenya fuvu. Chukulia umesimama Mama Ngina unasikiliza feri ya Likoni ikivuka, utajua imejaa au iko tupu, utajua kumetulia au kuna zogo, lakini nani kagombana na nani na kwa nini, hilo hulipati hata ukae mpaka magharibi.

Sio kwamba wataalamu hawakujaribu. Kuna mawimbi yanaitwa alfa, mapigo 8 hadi 13 kwa sekunde, ukifumba macho yanajaa, na pale yanapojaa ndo kazi imepungua, kama Biashara Street siku ya Idi. Mwaka 1991 Henriques na Davidson kule Marekani wakaandika kwamba kwa watu wenye dipresheni upande wa kushoto, mbele ya kichwa, una alfa nyingi zaidi, yaani upande ule umezubaa, na upande huo unahusishwa na ile hamu ya mtu kukiendea kitu anachokitaka. Inaingia akilini sana, mtu hana hamu na mtaa wa hamu umefungwa! Shida ni kwamba wengine waliporudia na watu wengi zaidi majibu yakatoka mchanganyiko, kuna wagonjwa hawana hiyo tofauti na kuna wazima wanayo, sasa kitu kama hicho utampimia vipi kaka yako peke yake kitini?

Atajulikana kwa kuulizwa. Kuna fomu ya maswali 9, inauliza wiki 2 zilizopita umelalaje, umekulaje, kitu ulichokipenda bado unakipenda, na kadhalika. Daktari akiona haja ataongeza damu, apime tezi ya shingoni na upungufu wa damu maana vinaweza kuigiza dipresheni vizuri tu. EEG ataitaka kama kaka yako anaanguka, anakodoa macho bila kujibu, au anachanganyikiwa ghafla. Anzeni na mazungumzo, pesa ya waya iwekeni.

Mama mkwe anasema mke wangu ana jini, na EEG ikitoka safi ndo itakuwa imethibitika. Kweli? (Likoni)

Haithibitishi, ami. Ni kama kupima malaria, ukikosa malaria haimaanishi basi ni jini, ni kwamba malaria hamna, endelea kutafuta. Lakini usimcheke mama mkwe, maana hata aliyeianzisha mashine hii alikuwa anatafuta mambo ya kighaibu. Hans Berger, daktari wa akili wa Jena kule Ujerumani, ujana wake alikuwa jeshini akaanguka farasi nusura afe, na siku ile ile dadake aliyekuwa mbali akaingiwa na hofu ya ghafla mpaka baba yao akapeleka simu ya maandishi kumuulizia. Berger akaamini mawazo yamesafiri hewani, akatumia umri wake kutafuta hiyo nguvu. Hakuipata. Alichopata ni mawimbi haya, mwaka 1924 akayarekodi kwa mtu kwa mara ya kwanza, akakaa nayo akiyarudia, mpaka vichwa vya watoto wake akavipima, na mwaka 1929 ndo akatangaza.

Kisomo na kombe kama vinamtuliza mkeo endeleeni, hakuna aliyekatazwa, ila miadi ya daktari asikose na dawa asiache kwa kuwa kanywa kombe.

EEG ndo ule umeme wanaopigwa watu kichwani? (Changamwe)

Sio! EEG inasikiliza tu, haitii chochote, hata mtoto mchanga anapimwa. Ule mwingine ni matibabu, ulianzia Roma mwaka 1938, siku hizi mtu analazwa kwa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli na kwa dipresheni kali iliyokataa dawa unasaidia kweli, sinema ndo zimeuharibia jina. Kuna na ya sumaku, Marekani waliiruhusu 2008, inagongagonga ule ule upande wa kushoto niliousema juu, mtu yuko macho.

Nilipimwa EEG wakaniambia iko sawa. Sasa nyumbani wanasema naigiza. (hakutaja mtaa)

Huigizi. Hili limeniuma kwa sababu nimeiona sura hiyo mara nyingi pale mlangoni, mtu anapewa karatasi imeandikwa hamna tatizo na badala ya kufurahi anashuka mabega. Karatasi ile inasema hatukuona dalili za kifafa wala jeraha linalovuruga mawimbi, bas, haikuandikwa kuhusu moyo wako na mi niliyeitoa siwezi kuisoma hivo hata nikitaka. Yule Berger niliyemtaja, bwana wa mawimbi mwenyewe, alikuwa na dipresheni, na mwaka 1941 alijitoa uhai. Mashine ilikuwa yake.

Waambie wa nyumbani nimesema mimi, wakibisha waje waulize. Na wewe ukifika pale pa kuona bora usiwepo, usingoje kuamka asubuhi, mwamshe mtu au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haikati pesa.

Naamka saa tisa usiku kila siku, si tahajudi si alamu. Ni mawimbi? (Majengo)

Hapa kidogo mawimbi yana la kusema. Mzima akilala anashuka kwanza kwenye usingizi mzito, mawimbi makubwa ya polepole yanaitwa delta, halafu baada ya kama dakika 90 ndo anaingia ndoto ya kwanza. Kwa wengi wenye dipresheni ule uzito unapungua na ndoto zinawahi, Kupfer na wenzake kule Pittsburgh walilifuatilia sana miaka ya 70, na kuzinduka alfajiri ukashindwa kurudi ni dalili ya zamani inayojulikana. Lakini si wao peke yao, na nikuulize kwa siri, muguka, yale majani ya kufukuza usingizi, unatafuna mpaka saa ngapi? Punguza hiyo kwanza wiki mbili, na kama huzuni iko pale pale mwambie daktari habari ya saa tisa, ni habari muhimu kwake.

Nimeona ukanda wa kuvaa kichwani unauzwa mtandaoni, unasoma mawimbi kwa simu. Ninunue? (Nyali)

Kwa kuchezea, sawa. Una waya chache mbele ya paji, na ukipepesa macho au kuuma meno unapata wimbi kubwa kuliko la ubongo, ukitafuna njugu itakwambia una mawazo mengi.

Nina miadi ya EEG Jumatatu na nimesuka juzi tu, lazima nifumue? (Bamburi)

Pole mwanangu, mara nyingi ndio, waya lazima iguse ngozi, na nywele za bandia zikikaa katikati sipati kitu. Hii sio shida yako peke yako, watu wenye nywele zetu wameachwa nje ya tafiti nyingi za EEG kwa sababu hii hii, ndo maana nikisikia mawimbi ya dipresheni yako hivi na hivi huwa najiuliza vilikuwa vichwa vya nani. Mwaka 2020 msichana mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon, Arnelle Etienne, na wenzake walitoa vifaa vinavyobanwa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, wakaviita Sevo, ubongo kwa Kihaiti. Mi bado sijavishika.

Kwa hivo piga simu hapo unapopimwa uwaulize kwanza, kuna misuko ya mistari mipana tunaweza kupenya. Wakisema fumua, fumua Jumapili, osha kwa shampuu, na mafuta ya nazi usipake hata tone mpaka utoke kwetu, gundi yangu haishiki.