Re: Mama anateseka, dhalimu anajenga ghorofa, Mungu yuko wapi?

Dada pole sana kwanza. Umeuliza inakuaje mama yako aliyefagia kanisa kila Jumamosi yuko kitandani na kiharusi huku yule jamaa aliyewadhulumu kiwanja anamwaga zege ghorofa ya pili. Jibu la kumaliza kabisa mi sina, ila usidhani kuuliza hivo ni kukosa imani, Asafu, mtunzi wa Zaburi ya 73, anakiri wazi humo aliwaonea wivu waovu, wamenenepa hadi macho yamewatoka, akaona kajitunza moyo bure, na huo ni wimbo wa ibada jamani! Alipoingia patakatifu ndo akaona mwisho wao, lakini kwanza alilia.

Na hao wanaokuja na machungwa mawili halafu wanamwambia mama atubu dhambi ya siri, wasomee Ayubu 42:7, Mungu aliwakasirikia wale marafiki wa Ayubu waliojifanya kumtetea Mungu kwa kudai Ayubu anateseka kwa dhambi zake, Ayubu mlalamikaji ndo akaambiwa kanena sawa. Baba alipougua mi nilishindwa kuomba miezi kadhaa, nikawa nasoma tu Zaburi ya 88, ile inayoishia gizani. Mgeuze mama kila masaa mawili asipate vidonda, na huku unamgeuza mlalamikie Mungu hata kwa hasira.