Taj Mahal si mtalii wa muziki: sikiliza dole gumba lake

Mkuu mleta uzi, umesema umemsikiliza Taj Mahal, yule mzee wa Kimarekani, ukabaki hujui umweke wapi: wimbo huu blues, ule muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, unaofuata rege, mara Hawaii, halafu unamkuta na wapiga taarab wa Zanzibar. Ukauliza kama si yale ya mshika mawili, na kama anayejifunza gitaa kavu ana la kuokota kwake. Waliotangulia wamekupa orodha ya albamu tu. Mimi nitakujibu kama mpigaji, maana gitaa kavu nimelipiga tangu nikiwa mdogo Kigoma, na sasa nafundisha vijana hapa Dar. Kwa masikio yangu huyu mzee ameshika jambo moja tu tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 1968, nalo liko kwenye mkono wake wa kulia.

Kwanza ujue ametoka wapi. Jina lake la kuzaliwa ni Henry St. Claire Fredericks, amezaliwa Harlem, New York, mwaka 1942, akakulia Springfield, Massachusetts. Baba yake alikuwa mpiga piano wa jazz mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Mama yake alitoka South Carolina, alikuwa mwalimu na mwimbaji wa nyimbo za injili. Nyumbani kulikuwa na redio ya masafa mafupi iliyonasa stesheni za nchi mbalimbali, kwa hiyo yule mtoto alisikia muziki wa dunia kabla hajajua kwamba kuna watu wanaoupanga kwenye makabati tofauti. Ukishaelewa hilo, nusu ya swali lako limejibiwa. Hakuondoka nyumbani kwenda kutafuta muziki wa wageni. Ulikuwa sebuleni kwao.

Baba yake alifariki kwa ajali ya trekta, Taj Mahal akiwa na miaka 11. Mama akaolewa tena, na baba wa kambo alikuwa na gitaa. Jirani wa rika lake, mpwa wa Arthur "Big Boy" Crudup, yule mwanablues maarufu, ndiye aliyemwonyesha namna ya kulipiga. Hapo nasimama kidogo, kwa sababu wengi hudhani blues aliitoa kwenye santuri kama vijana wengi wa mjini wa miaka ya 60. Aliipokea mkono kwa mkono, kutoka kwa mtoto wa familia iliyohama kutoka kusini.

Na kingine wasichokitaja: alikuwa mkulima. Kabla ya kuwa mwanamuziki wa kulipwa alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Palmer, Massachusetts, akaamka alfajiri kukamua, na alipofika miaka 19 alikuwa msimamizi wa shamba. Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alisomea mifugo. Mimi nalisikia shamba hilo kwenye muziki wake. Hana haraka. Mdundo wake unatembea mwendo wa mtu mwenye kazi ya siku nzima mbele yake, hauchoki na haukimbii.

Mwaka 1964 akahamia California. Huko akaanzisha bendi ya Rising Sons pamoja na mpiga gitaa Ry Cooder, weusi na weupe jukwaa moja, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Kampuni ya Columbia iliwarekodi, ikatoa santuri moja ndogo, na albamu ikafungiwa kabatini mpaka 1992. Bendi ilikufa. Yeye akabaki Columbia peke yake.

Sasa mkono. Wapiga gitaa wengi wa vidole hutumia dole gumba kwa besi na kidole cha shahada kwa melodia. Taj Mahal hutanguliza dole gumba na kidole cha kati. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini jaribu. Kidole cha kati ni kirefu na kizito zaidi, kinachota uzi kutoka chini kwa nguvu, kwa hiyo noti ya juu inatoka nene, karibu sawa na besi. Tafuta albamu yake ya mwaka 1969 yenye santuri mbili, Giant Step/De Ole Folks at Home. Ya kwanza ni ya bendi na umeme, ya pili yuko peke yake na gitaa, banjo na harmonika. Kwenye ya pili kuna Fishin' Blues, wimbo uliorekodiwa na Henry Thomas wa Texas mwaka 1928. Puuza sauti kwa dakika moja, fuata dole gumba peke yake. Linapokezana kati ya nyuzi nene, moja kwa nyingine, bila kuruka pigo hata pale anapocheka au anapoacha kuimba. Juu yake kidole cha kati kinaimba melodia ileile anayoiimba kwa mdomo, kikichelewa kidogo tu.

Mjomba wangu aliyenifundisha, pale Ujiji, alipiga mtindo wa gitaa wa Katanga, kule Kongo. Wakubwa humu mnamkumbuka Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Bosco alipiga kwa dole gumba na shahada. Mjomba alinipiga marufuku kugusa nyuzi nyembamba mpaka dole gumba langu liweze kwenda lenyewe huku nikiitikia salamu za wapita njia. Kwa hiyo nilipomsikia Taj Mahal mara ya kwanza sikumsikia kama mgeni. Vidole ni vingine na nchi ni nyingine, lakini mwenye nyumba ni dole gumba palepale. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Nasema mpigaji aliyelelewa na mtindo wa Bosco atamwelewa huyu mzee haraka kuliko aliyeanza na kordi za kukwangua.

Ukishika hilo, safari zake zote zinakaa pamoja. Mwaka 1971 alirekodi tamasha kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, akiwa na wapiga tuba (zile tarumbeta kubwa za sauti nzito) wanne chini ya Howard Johnson. Watu waliona ni vituko. Sikiliza: zile tuba zinafanya kazi ya dole gumba, ila kwa shaba. Mwaka 1974 akatoa Mo' Roots, yenye rege ndani, na huyo ni mtoto wa Mkaribi, alikuwa anarudi kwa babaye. Mwaka 1981 akahamia kisiwa cha Kauai, Hawaii, na nyimbo nyingi za kipindi hicho mimi binafsi sirudii kuzisikiliza. Hata zile albamu za miaka ya 90 zenye matarumbeta mengi na studio safi ni nzuri kwa shughuli, na Señor Blues ilimpa Grammy, lakini mkono wake unafunikwa. Siwezi kumwambia mwanafunzi aanzie huko.

Ya kukaa nayo muda mrefu ni Kulanjan ya mwaka 1999, na mpiga kora Toumani Diabaté wa Mali na wenzake. Kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, ina nyuzi 21 na hupigwa kwa madole gumba na vidole vya shahada vya mikono yote miwili. Taj Mahal hajipendekezi wala hafundishi mtu. Anaweka blues yake chini, polepole, na kora inapanda juu yake kana kwamba walikwishaonana zamani.

Ile ya Zanzibar uliyoitaja ilitoka 2005, inaitwa Mkutano, na wenzake ni Culture Musical Club, kikundi cha taarab kilichoanza 1958. Humu kuna aliyesema taarab na blues hazipatani. Ni kweli kuna sehemu mbili zinavutana: ganuni, fidla na udi hufuata melodia moja kwa pamoja na kuipamba, wakati blues ya gitaa moja hutaka nafasi tupu ya kujibu. Lakini pale waungwana wa Unguja wanapompisha na yeye anapunguza nyuzi, utasikia wanavyoheshimiana. Ningependa vijana wetu wa taarab waisikilize zaidi ya wanavyoisikiliza sasa. Ni kazi ya kwetu pia.

Kuhusu utunzi, usimhesabu kama mfufuaji wa nyimbo za wazee tu. She Caught the Katy aliutunga na Yank Rachell, mpiga mandolini wa Tennessee, na umeimbwa na wengi baada yao. Maneno yake ni machache, ya mtu anayeongea na jirani: mwanamke kapanda treni, kaniachia nyumbu. Basi. Hafafanui huzuni, sauti yake ya kukwaruza inafanya kazi hiyo.

Kwa hiyo mkuu, anza na De Ole Folks at Home, kisha The Natch'l Blues ya 1968 usikie gitaa la umeme la Jesse Ed Davis likizunguka sauti yake, halafu Kulanjan. Mwisho nenda Get On Board ya 2022, alipokutana tena na Ry Cooder, zaidi ya nusu karne baada ya Rising Sons, kupiga nyimbo za wanablues Sonny Terry na Brownie McGhee. Wameipiga kama wazee wawili waliokaa sebuleni, harmonika inapumua kabisa.

Kwenye mazoezi, laza ukingo wa kiganja karibu na daraja la gitaa ili besi ikauke kidogo, dole gumba litembee nyuzi mbili tu, pole sana, mpaka uweze kuongea juu yake. Ndipo ulete kidole cha kati, noti moja kwa kila mapigo manne, baadaye mbili. Kikikugomea, jirekodi kwa simu, mkono wa kulia tu uonekane, uweke video hapa kwenye uzi. Nitaipitia na kukwambia ni wapi dole gumba linasimama.