Injini uliyojifungia turbo inavuja? Tafuta presha kwanza, sili baadaye

Ukifunga turbo mwenyewe kwenye injini ambayo haikuzaliwa nayo, kuvuja utakutana nako tu. Kama sio oili ni maji, kama sio maji ni hewa, na nimeona watu wengi sana wakiona tone chini ya gari wanakimbilia kununua sili na gasketi mpya, wanafungua, wanafunga, gari linatembea kidogo linaanza kuvuja palepale. Kwenye injini zangu nimefikia mahali naamini hivi: sili nzima haivuji burebure, ukiona imevuja kuna presha imeenda mahali ambapo haikutakiwa kuwepo. Kwa hiyo kabla hujagusa spana jiulize presha hiyo inatoka wapi na kwa nini haina njia ya kutokea.

Kabla ya yote osha injini. Ioshe kwelikweli, ikauke, iwashe kwa muda mfupi, kisha chukua tochi uanze kuangalia kutoka juu kwenda chini, maana oili inateremka na feni na upepo wa barabarani vinaisukuma nyuma, unakuta tone linadondokea kwenye giaboksi unasema sili ya nyuma ya krenki imekufa kumbe ni tapeti kava, ule mfuniko wa huku juu ya injini. Ukikwama kuna rangi maalumu ya kuchanganya kwenye oili inayong'aa ukimulika na tochi ya UV, inafanya kazi vizuri sana, lakini mara nyingi injini safi na macho vinatosha.

Sasa turbo yenyewe. Watu wakiona moshi wa bluu au oili imejaa kwenye paipu za intakula, kile kipoza hewa ya turbo, hukumu inatoka hapohapo, turbo imekufa. Subiri kwanza. Sili za shafti ya turbo sio za mpira kama zile za krenki, ni ringi nyembamba za chuma zinazofanana na ringi za pistoni, na zinategemea sana oili iwe inaondoka haraka pale kati kabla haijajaa. Oili inaingia kwa presha ya pampu ila kutoka inatoka kwa kuteremka tu, haisukumwi na kitu, tena inatoka ikiwa na povu jingi. Ndiyo maana paipu ya kurudisha oili lazima iwe nene, mimi natumia yenye tundu la ndani la milimita 16 hadi 19, iteremke moja kwa moja mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, bila kona kali wala sehemu inayobonyea kwenda chini halafu ikapanda tena, na iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ikiingia chini ya usawa oili inasimama kwenye paipu, turbo inajaa, ringi zinazidiwa na oili inakimbilia upande wa kompresa unaosukuma hewa au wa ekzosi. Angalia pia turbo umeifunga ikiwa imeinama kiasi gani, tundu la kutolea oili litazame chini, likizidi kama nyuzi 35 kutoka wima umejitafutia matatizo. Na kama turbo ni ya beringi za gololi hakikisha kwenye paipu ya kuingiza oili kuna kizuizi cha tundu dogo la karibu milimita 1 kama mtengenezaji alivyoelekeza, maana oili ikizidi nayo inapita kwenye ringi.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni mpira wenyewe wa hiyo paipu. Mpira wa silikoni wa kawaida, ule mzuri wa rangi wa kwenye intakula, haufai kwa oili. Utaona hauna tundu lolote na klipu zimekaza, lakini nje umelowa na vumbi limeganda, oili inapenya kwenye mpira wenyewe. Weka mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili ya moto na ugonjwa umeisha.

Ukishamaliza paipu kabla hujaisingizia turbo nenda kwenye presha ya ndani ya injini, na hapa ndipo kwenye kiini cha kila kitu ninachosema. Injini yoyote inapitisha gesi kidogo kwenye ringi za pistoni kwenda chini kwenye krenki, ukiongeza turbo zinapita nyingi zaidi. Ile valvu ndogo ya PCV iliyokuja na injini ilipangwa kunyonya gesi hizo kwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa kwa sababu kule kulikuwa na vakyumu. Wewe sasa ukikanyaga mafuta kule kuna busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, valvu isipofunga vizuri busti inarudi kupitia hapo inaingia ndani ya injini, na ndani ya injini hakuna sili iliyotengenezwa kuhimili kitu cha namna hiyo. Dipstiki inaruka, tapeti kava inalowa pembeni, sili ya nyuma ya krenki inatoa oili, na oili ya turbo inashindwa kuteremka kwa sababu kule sampu kuna presha inaisukuma juu. Unaona dalili nne ukadhani ni magonjwa manne, kumbe ni valvu moja. Weka valvu ya upande mmoja inayofunga kweli, halafu toa mipira miwili minene kutoka kwenye tapeti kava iende kwenye kopo la kukusanyia oili, na iwe minene hasa, ule mpira mwembamba wa asili hautoshi. Njia nzuri ya kujua ni kuunga geji ndogo ya presha kwenye bomba la dipstiki, mtu mwingine akaisoma ukiwa unaendesha na busti imepanda. Kama presha bado ni kubwa baada ya kupanua njia za kupumulia basi ringi zenyewe zimechoka, fanya kipimo cha kusukuma hewa kwenye silinda kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa valvu zimefunga, usikilize: hewa ikilia kwenye mfuniko wa oili ni ringi, ikilia kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, mapovu kwenye rejeta ni hedi gasketi.

Tredi nazo zinatesa sana. Tredi ya inchi 1/8 ya NPT, ile ya kipimo cha Kimarekani, ina meno 27 kwa inchi na ile ya BSP, ya Kiingereza, ina 28, ukizichanganya zinashikana mizunguko ya mwanzo kabisa vizuri, unakaza ukidhani umemaliza, na hapo hapatakaa paache kuvuja hata ukipaka nini. Hesabu meno. Fitingi zenye mdomo wa koni hazitaki tredi tepu, koni ndiyo inayoziba, na kipande cha tepu kikikatika kwenye paipu ya kupeleka oili kinaweza kuziba tundu la turbo, beringi zikaungua. Hali kadhalika silikoni ya tyubu, paka kidogo sana kwenye sampu tu na usipake kabisa kwenye flanji za oili za turbo, maana ile inayofinywa kwenda ndani inaishia kwenye chujio la pampu. Wasa za shaba za banjo bolti, zile bolti zenye tundu la kupitisha oili, badilisha kila unapofungua, au zipashe moto mpaka ziwe nyekundu uziache zipoe, zinarudi kuwa laini.

Kama umechomelea kiunganishi kwenye sampu, kipime kabla hujairudisha sampu kwenye gari. Paka chokaa ya ubaoni upande wa nje wa weldi yote, iache ikauke, halafu ndani mimina mafuta ya taa yafunike weldi, iache usiku mzima. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko oili, yanapenya penye kitundu ambacho jicho halioni, na asubuhi kwenye ile chokaa nyeupe unakuta alama nyeusi yenye unyevu pale hasa panapovuja. Saga, chomelea tena, pima tena.

Upande wa hewa ya busti dalili zinategemea injini inapimaje hewa. Kama ina sensa inayopima hewa kule kwenye filta, hewa ikitoroka njiani kompyuta inatia petroli ya hewa ambayo haijafika, unapata moshi mweusi na kumisi ukikanyaga. Kama inapima presha kwenye manifoldi mchanganyiko unaweza kubaki sawa lakini turbo inachelewa kushika na inazunguka kupita kiasi kufidia, hewa inakuwa ya moto na turbo inachoka mapema. Kipimo ni rahisi, ziba mdomo wa kompresa ya turbo kwa kizibo chenye valvu ya tairi, fungua mfuniko wa oili ili presha ikipita ndani isisukume sili, weka regyuleta kwenye kompresa ya upepo uanzie bar 0.3 ukipanda taratibu mpaka busti unayotaka kutumia, usizidishe. Usisimame mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza. Nyunyizia sabuni ya maji kwenye kila kiungo, shafti ya throto, oringi za injekta, gasketi ya manifoldi, valvu ya kumwaga busti. Ukisikia hewa inatoka kwenye mfuniko wa oili bana mpira wa PCV, sauti ikikata umempata mwizi, isipokata jua kiasi kidogo kinapita kwenye ringi kupitia valvu zilizofunguka na hilo ni kawaida. Paipu za alumini ziwe na ukingo ulioinuliwa mwishoni na zifutwe oili kabla ya kuvaa mpira, bila hivyo kila busti ikipanda mpira unachomoka.

Ekzosi nitapita haraka. Masizi meusi kwenye kiungo, mlio wa tiki-tiki injini ikiwa ya baridi unaopungua ikipata moto, ndiyo hiyo. Kabla ya turbo moshi ukivuja turbo inakosa nguvu, na ukivuja kabla ya sensa ya oksijeni kompyuta inadanganywa. Nati kaza tena baada ya injini kupata moto na kupoa mara kadhaa, na kama flanji imepinda gasketi mbili hazitasaidia, ipelekwe kusawazishwa. Moshi huo una kaboni monoksaidi, usiendeshe gari ambalo unausikia ndani.

Maji yakipungua bila kuonekana yanapokwenda, nunua ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi za injini, ipime juu ya mdomo wa rejeta. Maji yakimwagika kwenye tanki pale tu busti inapopanda ila ukiendesha taratibu yametulia, hedi inanyanyuka, na hapo punguza busti leo hiihii mpaka ufunge stadi zenye nguvu na gasketi ya chuma.

Petroli haina mjadala. Presha ya reli inayolisha injekta ni karibu bar 3 na kwenye mfumo mwingi wa turbo inapanda sambamba na busti, kwa hiyo penye unyevu tu leo kesho panarusha, na pembeni kuna turbo nyekundu kwa joto. Ukisikia harufu zima, usiwashe tena mpaka umepaona panapotoka. Kizima moto cha poda kiwe karibu na mkono wako kila unapoiwasha injini hiyo kwa majaribio, na safari za mwanzo rudi nyumbani mapema, fungua boneti ikiwa bado ya moto umulike paipu ya oili ya turbo, yote, kutoka juu mpaka inapoingia kwenye sampu.