Anko, vayolini inalipa huko?

Mpwa wangu wa Iringa kanitumia voisi ya dakika nne, anasema anko nimeiona picha yako umekaa konsati ya piano na vayolini, kumbe huko mnaishi kizungu hivyo, sasa mimi nina ile vayolini walioniachia wageni wa Bega kwa Bega (ule ushirika wa sinodi ya Kilutheri ya St. Paul na Walutheri wa Iringa), nikija Minnesota huko Marekani si nitatoka? Na nyuma yake namsikia dada, mwambie ukweli huyo. Haya, najibu hapa hapa maana wanaoniuliza wako wengi.

Kwanza picha. Pale nilikuwa kazini jamani. Mimi nahudumia wazee majumbani, na bibi mmoja ninayekuwa naye Alhamisi alikuwa mpiga vayolini enzi zake, sasa namsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka Landmark Center pale St. Paul, saa sita mchana kuna konsati za bure. Jengo la 1902 lile, lilikuwa mahakama na posta ya serikali kuu, na chumba wanachopigia ni chumba cha mahakama kweli kweli, miaka ya 1930 majambazi walisimamishwa humo, leo kuna piano. Kwa hiyo mnaponiona nimetulia kama waziri, jueni nalipwa kwa saa na mfukoni nina dawa za mtu.

Muziki wenyewe ni wa watu watatu, wanne, watano hivi. Piano, vayolini, selo (ile kama vayolini kubwa ya sauti nzito, inapigwa umekaa), hamna anayesimama mbele na fimbo. Wanaanzaje? Yule wa vayolini anavuta pumzi kwa pua, unaisikia mpaka nyuma, na wote wanaingia pamoja. Sisi tuliokulia kwenye tarumbeta za kanisani tulihesabiwa moja mbili tatu nne na bado tulipishana.

Nilidhani nitasikia ya wazee wa Ulaya waliokufa zamani, kumbe Wamarekani wanaandika mpya kila leo. Siku ya kwanza ilikuwa Café Music ya mtunzi Paul Schoenfield. Huyu bwana mwaka 1985 alishikia zamu ya mpiga piano wa Murray's, mgahawa wa steki hapo Minneapolis ng'ambo ya mto tu, usiku mmoja, akatoka na wazo la kuandika muziki wa kulia chakula cha jioni ila ulioshiba kiasi kwamba hata ukumbi wa konsati hautaukataa. Sehemu ya kwanza inakimbia kama daladala inayowahi abiria. Ya pili inapoa, kuna wimbo wa Kiyahudi humo ndani, na hapo bibi akanishika mkono akaanza kunibonyeza kwa vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu. Nikainama, bibi unaumwa? Akanitolea jicho ninyamaze. Kumbe anapiga, mkono wangu ndio shingo ya vayolini. Nilikaa vile vile mpaka mwisho na alama za kucha ninazo.

Kuna mtunzi mwingine, mama anaitwa Jennifer Higdon, trio yake (muziki wa watu watatu) ya 2003 ina sehemu mbili tu, moja kaiita njano iliyopauka, nyingine nyekundu ya moto. Watu walisimama kwa ile nyekundu, mimi ya njano ndio imebaki kichwani, naipiga mluzi nikiosha vyombo vya watu. Na sidanganyi, zingine hapana, mpiga piano anainuka anaingiza mkono ndani anakwaruza nyuzi, mambo ya mtunzi Henry Cowell hayo, au kumepachikwa skrubu katikati ya nyuzi, hayo ya mtunzi John Cage, mimi nasikia gereji ya pale Ipogolo.

Sasa pesa, mpwa wangu. Philip Glass, mtunzi mkubwa wa Marekani, unamsikia? Opera yake ilipigwa Metropolitan Opera ya New York mwaka 1976, watu wamejaa, na baada ya hapo karudi kuendesha teksi, aliendesha mpaka anagonga miaka 41. Na ufundi bomba alifanya. Huyo ni Glass, mzaliwa wa huku huku, kasoma Juilliard, chuo kikubwa cha muziki New York. Schoenfield mwenyewe aliishia kufundisha chuo kikuu Michigan. Hao ninaowaona Alhamisi wengi wana madigrii ya kutosha kufunika ukuta, na wakimaliza kupiga wanakunja stendi mbio kwenda kufundisha watoto wa watu nyumba kwa nyumba, jumamosi harusini. Chuo kipo kisichotoza ada, Curtis kule Philadelphia, tangu 1928, ila wanaogombania hizo nafasi wameshika vayolini tangu wakiwa na miaka minne na wanatoka dunia nzima. Vyuo vingine ada utaijua, na viza ya mwanafunzi inakuruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Ukizidisha ndio unaharibu.

Na baridi usisahau. Januari hita zinakausha hewa mpaka mbao ya vayolini inapasuka, watu wanaingiza kimpira chenye maji kwenye tundu lake ili inywe unyevu. Ukiisahau kwenye gari usiku mmoja umeisha.

Ushauri wangu, Zanzibar kuna chuo, Dhow Countries Music Academy, hapo Mji Mkongwe, fidla wanaifundisha vizuri na taarabu humo humo, nauli ni basi na boti. Mwaka wa kwanza nitakusaidia, dada asikie hapo. Nyuzi mpya nitampa mchungaji anayekuja huko na wageni wa sinodi mwezi wa saba, ila nijibu kwanza, hiyo vayolini ni saizi kamili au robo tatu? Pima kwa rula, maana kwenye picha umeifunika na koti.