Nilimzaba kofi nikamsomesha Mithali 31, sasa binti yangu hasemi nami

*Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili, na mwaka huu anapata kipaimara. Wiki tatu zilizopita nilikuta kwenye simu yangu, ambayo huwa namwazima, ujumbe wa mvulana wa kwaya: "nimekumiss". Nilimzaba kofi, nikamfungulia Mithali 31 na kumwamuru aisome kwa sauti huku analia. Tangu siku hiyo ni "shikamoo mama" na "ndiyo mama" tu. Nifanyeje? Mama K., Morogoro.*

Marahaba, mdogo wangu. Mimi binti yangu sikumzaba kofi, nilimchapa na mwiko wa ugali, kwa hiyo sikucheki.

Nianze na hiyo Mithali 31. Rudi mstari wa kwanza kabisa. Ni mausia ya mama kwa mwanawe wa kiume, mfalme Lemueli, na kabla ya kufika kwa mke mwema kuna onyo kuhusu wanawake na pombe. Tumechukua wosia wa mvulana tukaufanya fimbo ya msichana. Huyo kijana wa kwaya nani kamsomea hata aya moja?

Halafu nikuulize: wewe ulifundwa na nani? Sidhani kama ni mama yako. Kwetu mama aliona haya kusema na bintiye mambo hayo, ilikuwa kazi ya bibi, shangazi, au somo, yule mwanamke wa kumfunda mwari. Tukaokoka, tukaacha unyago, na kile kigoda cha somo kikabaki kitupu. (Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kianglikana aliamua kuifanya jando iwe ya Kikristo badala ya kuifuta. Wengi wetu tulifuta tu.) Ndiyo maana siku ulipotakiwa kusema, ukaona mkono umetangulia.

Sasa muombe radhi. Kwa ufupi: "Mwanangu, nilikupiga kwa sababu niliogopa. Nilikosea, nisamehe." Ukitia "lakini na wewe" mwishoni, bora ungenyamaza. Watakaokuambia mzazi hamwombi mtoto radhi wanaijua Waefeso 6 hadi mstari wa 3. Wa 4 unawakataza akina baba kuwachokoza watoto, na sioni kwa nini sisi akina mama tujitoe.

Usimwite sebuleni "tuongee". Akisikia neno hilo tu anajifunga. Jumamosi chukueni ungo mkachambue mchele. Macho yakiwa kwenye mawe na chuya, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maneno hupata njia. Anza na yako: ulipokuwa na miaka 15 nani alikuandikia barua, na uliificha wapi. Ndipo uulize huyo kijana ni nani, anampendea nini. "Nimekumiss" ya mtoto mwenzake ni jambo la kuzungumza. Ila ukigundua mwandishi ni mtu mzima, acha mchele hapo hapo, nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Hilo halimalizwi na wazee wa kanisa.

Na mtafutie Elisabeti wake. Katika Luka 1, Mariamu aliye na habari nzito kuliko zote anaharakisha kwenda milimani kwa jamaa yake mtu mzima, na anakaa huko kama miezi mitatu. Elisabeti hakumuuliza "nani kakupa?" Alimbariki kwanza. Binti yako ahitaji mwanamke wa namna hiyo, mama mdogo au mwalimu wake wa kipaimara, ambaye hatatoka hapo akaligeuza jambo kuwa ombi la maombi jumuiyani. Mchague pamoja naye, na ukubali kwamba mengine hutayasikia wewe.

Jumamosi ya kwanza atakujibu "sijui". Ya pili pengine vivyo hivyo. Wewe endelea kuchambua.