Kwa mnaoanza kupima hewa ya Mbeya

Ukikabidhiwa kifaa cha kupimia vumbi na moshi, hamu ya kwanza ni kukifunga mahali, kusoma namba na kutangaza kwamba mji ni mchafu au ni safi. Hapa Mbeya nakusihi uanze na milima. Kila namba utakayoipata ina mkono wa milima ndani yake, na usipoujua utailaumu barabara kwa jambo lililoletwa na usiku.

Jiji liko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700. Kaskazini limeegemea safu ya Mbeya, ambako Loleza pekee inapita mita 2,600. Kusini-mashariki iko milima ya Uporoto. Katikati ndimo inamopita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, pamoja na malori ya Zambia na Kongo, na makazi yameifuata kuanzia Uyole, Mwanjelwa hadi Iyunga. Watu, injini na majiko, sehemu kubwa viko bondeni.

Linalotokea usiku wa kiangazi ndilo nataka ulielewe kuliko lingine lolote. Kati ya Mei na Agosti anga huwa wazi, hakuna mawingu ya kulizuia joto la ardhi lisipotee. Jua likizama miteremko hupoa upesi, na hewa inayoigusa hupoa nayo, inakuwa nzito, kisha inateremka polepole kwa kufuata makorongo hadi bondeni. Kwa kawaida kadiri unavyopanda ndivyo baridi inavyozidi. Usiku wa namna hii mambo hugeuka: baridi inatuama chini, na hewa yenye joto kidogo inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa kuni, wa mkaa unaowashwa, wa takataka zinazochomwa uani na wa dizeli unakosa pa kupandia. Panda kidogo kuelekea Loleza mwezi Julai, saa 12 na nusu asubuhi, siku isiyo na upepo; utauona umelala juu ya mabati.

Jua likishapasha ardhi, hewa ya chini huanza kupanda na moshi unatawanyika, mara nyingi kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo anayepima saa 1 asubuhi na anayepima saa 8 mchana, mahali palepale, wanaweza kuandika habari za miji miwili tofauti. Ukitaka kulinganisha mtaa wa chini na wa juu, pima siku ileile, saa ileile. Wala usichukue namba ya saa moja ukaipambanisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021. Zile mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, kwa chembe za PM2.5, yaani zile ndogo sana zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana, ni wastani wa saa 24. Nalisisitiza hili kwa sababu asiyetaka kuchukua hatua ataanzia hapohapo kuikataa ripoti yako, na watu wanaovuta moshi ule watabaki bila mtetezi.

Septemba na Oktoba hali hubadilika. Ardhi imekauka, mashamba na nyasi vinachomwa kabla ya msimu wa kilimo, na vumbi la barabara za mitaani linapanda kila bajaji inapopita. Hapo chembe kubwa zaidi, zinazohesabiwa kwenye PM10 (hadi mikromita 10 kwa upana), zinakuwa na uzito wake, na kifaa kinachosoma PM2.5 peke yake kitakuficha mengi. Mvua za Novemba zikianza, vumbi linatulia.

Lakini mvua nazo zina mtego wake. Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia mwanga wa leza kuhesabu chembe, na haviwezi kutofautisha tone la ukungu na moshi. Asubuhi ya ukungu mzito kifaa kitapiga kelele hata kama hakuna anayewasha jiko. Andika unyevu wa hewa pembeni ya kila kipimo, na unyevu ukiwa mkubwa sana usikiamini kipimo hicho peke yake.

Kuhusu malori: kwenye mwinuko huu kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Injini kuukuu ya dizeli hukosa oksijeni ya kutosha, na ikipanda mlima Iwambi na mzigo hutoa moshi mweusi. Papime, ni muhimu kwa wanaoishi pale, ila usipaite wastani wa jiji.

Kabla ya kufunga kifaa popote, muone mwenyekiti wa mtaa. Kisha kiweke mbali na jiko la mama lishe, kwenye kimo cha mtu kupumua.

La mwisho, nalo si la ripoti. Juni na Julai usiku ni wa baridi kali, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga mlango na kulala. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi mwingi, kwa hiyo kifaa chako kinaweza kuonyesha namba ndogo kabisa, wakati kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inajaa mle ndani. Hiyo ni gesi, na kifaa cha chembe hakiipimi. Ukikuta jiko hilo ndani, usianze na vipimo. Omba litolewe nje, dirisha lifunguliwe, na uwaeleze wenye nyumba, hasa wenye watoto, kwamba gesi hiyo inaua mtu akiwa usingizini.